KADI MPYA, DEREVA WA ZAMANI

Wahenga walinena kuwa asiyekujua hakuthamini. Methali hii tumeieleza darasani tangu shule ya msingi, na wengi wetu huitumia katika insha za mgeni aliyedharauliwa kijijini, kumbe ni mtu mkubwa. Leo nataka kuitumia juu ya mgeni wa aina nyingine kabisa, nayo ni kadi ya michoro ya tarakilishi. Najua baadhi yenu mtaguna na kusema, "Huyu naye ametuletea mambo ya Kompyuta katika jarida la Kiswahili!" Naomba mnistahimili. Kisa nitakachosimulia kilikaribia kuwafikisha watu wazima wawili katika kituo cha polisi. Chanzo chake hakikuwa wizi wala ulaghai. Kilikuwa ni tarehe mbili ambazo hakuna aliyekuwa amezilinganisha.

Nianze kwa kuwajulisha mgeni mwenyewe. Kadi ya michoro ni kipande kinachochomekwa ndani ya tarakilishi, na kazi yake ni kuchora kila kitu tunachokiona kwenye skrini. Mtu atauliza, je, prosesa ambayo ndiyo ubongo wa mashine haiwezi kuchora? Inaweza, lakini ni kama mwalimu mkuu. Anajua kila jambo shuleni, ila ana mikono miwili tu. Kadi ya michoro ni kama wanafunzi wa shule nzima waliopewa kila mmoja hesabu ndogo ya kwake, wakaandika wote kwa wakati mmoja. Picha moja ya video ya kawaida ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani vitone zaidi ya milioni 2. Video huonyesha picha kama 25 katika kila sekunde. Piga hesabu mwenyewe: ni vitone zaidi ya milioni 50 vya kupakwa rangi katika muda wa kutamka neno "moja". Kazi hiyo ukimwachia mwalimu mkuu peke yake, shule itasimama.

Hata hivyo, kadi haifanyi kazi bila programu ya kuiendesha. Waingereza huipa programu hiyo jina lile lile la mtu anayeendesha gari, nami nitaiita dereva. Matatu mpya ikitolewa leo bandarini Mombasa, hata ikiwa na viti vya ngozi na muziki wa kutikisa dirisha, bila dereva ni chuma kilichoegeshwa. Ndivyo ilivyo kadi.

Katika Windows, mara nyingi dereva hutoka kwa kampuni iliyounda kadi. Unanunua kadi, unamshusha dereva wake kutoka kwa intaneti, mnaanza safari. Katika Linux mambo huenda kwa njia nyingine. Mfumo huu ulianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa kijana wa miaka 21 akisoma katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Kiini chake huitwa kerneli, na kimeandikwa waziwazi ili yeyote atakaye akisome na akirekebishe. Madereva wa vifaa vingi wanaishi humo humo ndani ya kerneli, kama madereva wa kampuni ya mabasi wanaolala depoti. Pamoja nao ipo programu iitwayo Mesa, iliyoanzishwa na Brian Paul mwaka wa 1993, ambayo hufasiri amri za kuchora ziwe lugha inayoeleweka na kadi.

Mpango huu una faida kubwa. Kifaa kikishajulikana na kerneli, wewe unachomeka tu na kazi inaanza, huna haja ya kutafuta diski wala kubofya huku na huku. Lakini una sharti lake. Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na haiwezi kumjua dereva ambaye alikuwa bado hajaandikwa ilipotoka. Kwa hivyo mwenye kifaa kipya na mfumo wa zamani ni kama mzazi aliyemleta mtoto shuleni baada ya rejista kuchapishwa. Mtoto yupo, sare anayo, karo amelipiwa, lakini mwalimu akiita majina, la kwake halitajwi.

Nisisahau kusema kwamba si kampuni zote za kadi zimekuwa na msimamo mmoja juu ya jambo hili. Intel imekuwa ikiandika madereva yaliyo wazi kwa miaka mingi. AMD ilitangaza mwaka wa 2007 kwamba itatoa maelezo ya kadi zake ili madereva wa wazi waandikwe. NVIDIA ilifunga dereva wake kwa muda mrefu, hata Torvalds akaishambulia kwa maneno makali mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, mwaka wa 2012. Mwaka wa 2022 kampuni hiyo nayo ilifungua sehemu ya dereva inayokaa ndani ya kerneli. Haya ni ya ulimwengu. Sasa tuje Kawangware.

Mjomba wangu ana studio ndogo ya video Kawangware, mwendo wa dakika chache kutoka steji ya 46. Upande mmoja amepakana na kinyozi, upande wa pili na duka la M-Pesa. Yeye hupiga picha za harusi, sherehe za mahari, kwaya na mazishi, kisha huzikata na kuziunganisha kwa programu ya Kdenlive, ambayo hailipiwi. Alihamia Ubuntu, ambayo ni mojawapo ya mifumo ya Linux, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pesa, maana hakutaka kulipia leseni kila mwaka. Ya pili ni flashi za wateja. Kila anayekuja kuchukua video huja na flashi yake, na flashi za mtaani zina virusi kuliko choo cha steji. Tangu ahamie Linux mwaka wa 2024 hajapoteza kazi ya mteja hata moja kwa sababu ya virusi.

Mashine yake ni sanduku kubwa lililounganishwa na fundi kwa vipuri vya mtumba. Lina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 10 na pawa saplai ya wati 650. Halikuwa na kadi ya michoro, lilitegemea uwezo mdogo wa kuchora ulio ndani ya prosesa yenyewe. Video ya harusi ya saa mbili ikishakatwa, kuitoa ilikuwa kazi ya usiku kucha, na stima ikipotea saa tisa usiku, alfajiri anaanza upya.

Mwanzoni mwa Aprili 2025 mjomba akaamua liwe liwalo. Alichukua mkopo wa shilingi 42,000 katika chama chao cha akiba, akaenda mjini na kununua kadi ya Intel Arc B580 katika duka moja lisilo mbali na Moi Avenue. Kadi hiyo ilikuwa imetoka tarehe 13 Desemba 2024, ikiwa na gigabaiti 12 za kumbukumbu, kwa bei ya dola 249 kule Marekani. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni kama shilingi 32,000 kabla ya kuongeza usafirishaji, kodi na faida ya muuzaji. Kwa kadi mpya ya kiwango chake, ilikuwa ni bei ya kuvutia. Mjomba alikuwa ameahidi kumkabidhi mteja video ya harusi Jumamosi ya tarehe 26 Aprili. Malipo ya harusi hiyo ndiyo yangeanza kulipa mkopo.

Aliichomeka kadi, akahamisha waya wa skrini, akawasha. Skrini ikawaka kweli, lakini maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango la mkutano wa injili. Kishale kilijikokota. Video ilirukaruka kama matatu kwenye barabara ya mashimo, na skrini yake ya pili ilibaki giza totoro. Mashine ikawa nzito kuliko ilivyokuwa kabla ya kununuliwa kadi! Mjomba hakulala usiku ule. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 12, shule zikiwa zimefungwa, aliniambia nimsindikize mjini nimbebee sanduku la kadi. Tukapanda 46, yeye akitazama nje ya dirisha bila kusema neno mpaka tukashuka.

Dukani alianza kwa upole, lakini upole huo haukudumu.

"Hii kitu mliniuzia ni feki," mjomba akasema.

"Buda, hii ni orijino, si niliifungua mbele yako?" muuzaji akamjibu. "Ebu leta tuijaribu."

Akaichomeka katika mashine ya duka. Skrini ikawaka ikiwa safi kama kioo. Akacheza video, ikateleza kama maji. Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakaanza kucheka chinichini.

"Si unaona? Inafanya! Shida ni mashine yako."

"Mashine yangu ilikuwa inafanya vizuri mpaka niweke hii takataka yako. Nirudishie pesa zangu!"

"Bidhaa ikishafunguliwa hatuchukui. Imeandikwa hapo kwa risiti."

Mjomba akapandwa na mori. Akasema atakwenda kuleta askari. Muuzaji naye akasema na amlete, maana ameitwa tapeli mbele ya wateja wake na hilo halitamwachia. Mimi nilisimama pale nikiwa nimekumbatia sanduku. Ninyi nyote mnajua ilivyo vigumu kwa mtoto kutia neno watu wazima wanapozozana. Lakini jambo moja lilinikereketa. Kadi haiwezi ikawa feki saa tatu usiku Kawangware na orijino saa nne asubuhi mjini. Nikakohoa kidogo, nikamuuliza muuzaji, "Samahani, mzee, mashine hii yenu inatumia mfumo gani?"

"Windows."

"Na dereva wa kadi mlimweka lini?"

"Wiki iliyopita tu. Alishuka kwa neti."

Nikamgeukia mjomba nikamwambia taratibu, "Mjomba, naomba turudi nyumbani kwanza niangalie jambo moja. Likikosa kuwa hilo, tutarudi hapa Jumatatu, na huyo askari atakuwepo bado." Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui kilichomshawishi, kama ni maneno yangu au ni aibu ya wale wateja waliokuwa wakitazama. Alichukua kadi yake, tukaondoka.

Katika maabara ya shule, mwalimu wetu wa Kompyuta alitufundisha kwamba mashine ikikataa usiipige kofi, iulize. Nami niliiuliza maswali matatu. Kwanza nilifungua ukurasa wa mfumo unaoeleza habari za mashine. Mahali palipotakiwa kuwa na jina la kadi paliandikwa llvmpipe. Hilo si jina la kadi. Ni programu ambayo kwayo prosesa huchora yenyewe inapokuwa haijaona kadi inayoijua. Kwa maneno mengine, mwalimu mkuu alikuwa amekabidhiwa vile vitone milioni 50 avipake rangi peke yake, huku shule nzima ikikaa bure.

Pili niliandika amri ya lspci, ambayo huorodhesha vifaa vilivyochomekwa. Kadi ilikuwepo! Lakini haikuwa na jina. Iliandikwa tu kuwa ni kifaa cha Intel, nambari e20b. Kila kampuni ina nambari yake ya utambulisho, na ya Intel ni 8086, ukumbusho wa prosesa yake maarufu ya mwaka wa 1978. Kwa hiyo mfumo uliona kuwa kuna mgeni wa ukoo wa Intel mlangoni, ila haukujua anaitwa nani wala amekuja kufanya nini.

Tatu niliandika uname -r, amri inayotaja toleo la kerneli. Jibu lilianza na 6.8. Hapo ndipo nilipoelewa. Kerneli 6.8 ilitoka Machi 2024, na Ubuntu 24.04 ikaichukua mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Kadi ilitoka Desemba. Rejista ilikuwa imechapishwa miezi 9 kabla ya mwanafunzi kufika! Nikasoma zaidi kwa simu, nikapata kwamba kerneli ya kwanza kuipokea kadi hii bila kulazimishwa ni 6.12, iliyotoka Novemba 2024. Intel ilikuwa imemwingiza dereva humo hata kabla ya kadi kufika madukani. Hakukuwa na mtu wa kulaumiwa. Mfumo wa mjomba ulikuwa mzuri na kadi ilikuwa nzuri. Ni kwamba havikuwa vimekutana.

"Kwa hivyo kadi haijaharibika?" mjomba akauliza.

"La, mjomba. Haijatambuliwa tu. Gari ni jipya, dereva ni wa zamani, hajawahi kuliona."

"Na yule jamaa wa mjini si mwizi?"

"Si mwizi, mjomba."

Alinyamaza, akashika kichwa. Kisha akauliza swali la mtu wa biashara, "Sasa tunafanyaje, na harusi ni ya tarehe 26?"

Njia zilikuwa zaidi ya moja. Tungeweza kusasisha mfumo wake, lakini sasisho lililokuwepo wakati ule, la Februari 2025, lilileta kerneli 6.11, ikapungukiwa hatua moja tu. Tungeweza pia kulazimisha kerneli ngeni ndani ya mfumo ule ule, lakini mashine hiyo ilibeba harusi ya watu, na harusi hairudiwi kupigwa picha. Tukaamua kusubiri, maana Ubuntu 25.04 ilikuwa imetangazwa kutoka Alhamisi ya tarehe 17 Aprili, ikiwa na kerneli 6.14 na Mesa 25.0. Kwa siku hizo tano mjomba alitoa kadi, akarudisha waya wa skrini mahali pake pa zamani, akaendelea kukata harusi polepole kama kawaida. Kwanza kabisa alinakili video zote kwenye diski ya nje. Hilo, wenzangu, ndilo la kufanya kabla ya lolote.

Ijumaa Kuu watu walipokuwa wakielekea makanisani, sisi tulikuwa tukishusha faili ya karibu gigabaiti 6 kwa neti ya mtaa. Ilianza alfajiri ikaisha adhuhuri. Tukalinganisha alama zake za uhakiki na zile zilizotolewa na waundaji, ili tujue kwamba hakuna herufi iliyopotea njiani, kisha tukaiandika kwenye flashi. Ubuntu ina utaratibu mzuri wa kukuruhusu uujaribu mfumo moja kwa moja kutoka kwa flashi bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Tukaichomeka kadi tena, tukawasha. Mjomba aliziba macho.

Skrini zote mbili zikawaka pamoja. Maandishi yakawa madogo na makali. Nikafungua ule ukurasa wa habari za mashine, na pale palipokuwa na llvmpipe sasa palikuwa na jina kamili: Intel Arc B580. Mjomba alilisoma kwa sauti kama mzazi anayesikia jina la mwanawe likiitwa siku ya kutoa zawadi. Kinyozi wa jirani akaja mbio akidhani Gor Mahia wamefunga bao.

Lilibaki jambo moja dogo ambalo wengi hulisahau. Kwa kawaida prosesa huiona kumbukumbu ya kadi kupitia kidirisha cha megabaiti 256 tu, hata kama kadi ina gigabaiti 12. Ni sawa na kupakulia shule nzima chakula kupitia tundu la ufunguo. Tarakilishi za miaka ya karibuni zina mpango uitwao Resizable BAR unaofungua mlango wote, na kadi za Arc zinautegemea sana. Bila huo, kasi yake hushuka vibaya. Tuliingia katika mipangilio ya ubao mkuu, ile inayofunguka kabla mfumo haujawaka, tukauwasha. Kisha tukasakinisha mfumo mpya.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilipaa. Kukata na kuunganisha vipande katika Kdenlive bado ni kazi ya prosesa kwa kiasi kikubwa, na hapo tofauti haikuwa ya ajabu. Kadi ilisaidia kuchezesha video bila kurukaruka na, zaidi ya yote, kuibana video iliyokamilika iwe faili ya kumkabidhi mteja. Ile harusi iliyokuwa ya usiku kucha ilianza kutolewa mama alipokuwa akikanda unga wa chapati, ikaisha kabla hatujamaliza kula. Ilikabidhiwa tarehe 26 kama ilivyoahidiwa, na mjomba akapeleka malipo ya kwanza chamani bila faini.

Lakini jambo nililolifurahia kuliko yote lilitokea Jumanne baada ya Pasaka. Mjomba alivaa shati zuri, akaniita, tukapanda 46 tena hadi mjini. Aliingia katika duka lile, na mbele ya wateja waliokuwepo, akamwambia muuzaji, "Ndugu yangu, nilikuita tapeli. Nimekuja kuyarudisha maneno yangu." Muuzaji aliduwaa. Kisha akacheka, akatuletea viti, akataka aelezwe shida ilikuwa nini. Nikamweleza habari za rejista na dereva. Akachukua karatasi, akaniomba niandike kwa herufi kubwa: B580, LINUX, KERNELI 6.12 KWENDA JUU. Akaibandika ukutani kando ya ile kadi iliyo dirishani. Alisema mimi si wa kwanza kurudishiwa, yaani mjomba si mteja wa kwanza wa Linux kurudi akilalamika, ila wote waliotangulia waliondoka na hasira yao.

Baadaye, katika likizo ya Agosti 2025, tulimrudisha mjomba katika Ubuntu 24.04, kwa sababu toleo la 25.04 lilikuwa la kutunzwa miezi 9 tu, na yeye anataka mfumo wa kukaa nao miaka. Sasisho la 24.04.3 lilikuwa limetoka mwezi huo likiwa na kerneli 6.14. Rejista ya zamani ilikuwa imeongezwa jina la mgeni.

Kutokana na kisa hiki nimejifunza maswali manne ambayo ningependa kila msomaji ayakariri, hasa sasa ambapo watu wengi wanahamia Linux baada ya Microsoft kuacha kuitunza Windows 10 mnamo tarehe 14 Oktoba 2025. Swali la kwanza ni: kadi hii ilitoka lini, na mfumo wangu ulitoka lini? Kadi ikiwa ndiyo changa, usinunue kabla ya kujua ni kerneli gani na Mesa gani zinazoitambua. Hili si la Intel peke yake. Kadi ya Radeon RX 9070 ya AMD ilipotoka tarehe 6 Machi 2025, nayo ilihitaji Mesa 25.0, ambayo ilikuwa imetoka Februari tu, mwezi uliotangulia.

Swali la pili: je, mashine yangu ina nguvu ya kuilisha? B580 hula hadi wati 190. Tarakilishi nyingi za mtumba zinazouzwa mjini, zile ndogo zilizotoka katika maofisi ya Ulaya, zina pawa saplai ya karibu wati 200 kwa mashine nzima, na nyingi hazina hata waya wa kulishia kadi. Hapo ni kumtwika punda mzigo wa ngamia. Tena kumbuka tokeni: wati 190 kwa saa tano ni karibu yuniti moja ya stima.

Swali la tatu: je, ubao wangu mkuu una ule mpango wa Resizable BAR? Kwa upande wa prosesa zake, Intel yenyewe hushauri kizazi cha 10 kwenda juu kwa kadi za Arc. Swali la nne ndilo rahisi kuliko yote: je, nimejaribu kwa flashi kabla ya kumshuku mtu? Jaribio hilo lina gharama ya neti na nusu siku. Kumwita mtu mwizi kuna gharama ambayo hairudishwi kwa risiti.

Kabla sijaiweka kalamu chini, nina neno kwa Chama chetu cha Kiswahili. Mjomba hakusoma Kompyuta shuleni. Vipindi vingi vya mafunzo alivyotazama kwa simu vilikuwa kwa Kiingereza cha haraka, akatoka kapa. Nilipotumia maneno dereva na rejista alielewa kwa dakika tano. Mwaka wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu programu hizo ziko wazi, na hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ya kuongeza lugha yake. Mlango huo haujafungwa. Kdenlive yenyewe hutafsiriwa na watu wa kujitolea, na sisi tunaolalamika kila siku kwamba Kiswahili hakina maneno ya kisayansi tuna nafasi ya kuyaweka pale mjomba atakapoyasoma anapofanya kazi yake. Napendekeza muhula ujao tuanze na orodha ya maneno 50, kila mwanachama alete moja, na mwalimu wetu mlezi atusahihishe.

Kadi haikubadilika hata chembe kati ya siku ile ilipoitwa takataka na siku ile ilipoitwa kwa jina lake. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani, mbali huko, alikuwa ameandika jina lake katika kerneli, na sisi tukalifikia. Kazi ya kuandika majina hayo inafanywa na watu wenye mikono miwili kama yetu. Siku moja, Mungu akipenda, mmoja wao atakuwa ametoka katika shule hii.